Mizani ipime na breki, si uzito peke yake

Ndugu Mhariri,

Kila lori linaposhuka mlima likashindwa kusimama na kuua watu bondeni, taarifa ya kwanza huja na maneno mawili: lilifeli breki. Ndivyo ilivyoelezwa Februari 2024 pale Ngaramtoni, Arusha, kwenye ajali iliyochukua roho za watu 25. Kwa jirani zetu wa Kenya, Juni 30, 2023, lori la kontena liliwaparamia watu njia panda ya Londiani, kaunti ya Kericho, na zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Marehemu wanazikwa, mabaki ya lori yanaburutwa kituoni, na sisi tunaobaki hatuambiwi ni breki ya tairi gani iliyofeli wala kwa nini.

Sisi tunaoshika spana tunajua kwamba breki ya upepo ni nadra kufa ghafla. Mara nyingi inakufa kwa wiki nzima au mwezi mzima, milimita kwa milimita, na kila hatua inaonekana kwa anayeinama uvunguni na kutazama. Ombi langu kwa Serikali ni moja: lori linaposimama mizani kupimwa uzito, lipimwe na breki hapo hapo.

Nieleze kwa nini, kwa faida ya wasomaji wasiozijua breki hizi. Dereva anapokanyaga pedali, upepo unatoka kwenye tangi na kuingia kwenye chemba iliyo karibu na kila tairi. Ndani ya chemba kuna dayafram ya mpira. Upepo unaisukuma dayafram, dayafram inasukuma fimbo ya chuma, fimbo inavuta mkono tunaouita slaki, na slaki inazungusha shafti ambayo ncha yake imekaa kama herufi S. Hiyo S ndiyo inayotanua shuu za breki mpaka laining, yaani vipande vya kusugua vilivyobandikwa kwenye shuu, zibane dramu, ngoma ya chuma inayozunguka na tairi. Kazi yote ya kusimamisha lori inapita kwenye ile fimbo, kwa hiyo ukitaka kujua hali ya breki, pima fimbo inatoka kiasi gani.

Chemba nyingi za tela zinazopita barabara zetu ni namba 30. Fimbo yake ikitoka mpaka mwisho kabisa inafika milimita 64. Kikomo cha kuirekebisha ni milimita 51. Ikizidi hapo breki hiyo haifai. Ya namba 24 kikomo chake ni milimita 44. (Zipo pia chemba za fimbo ndefu, zina alama yake na kikomo chake, hivyo mkaguzi asome alama kwanza.) Laining zikilika, fimbo inatoka zaidi ili kuzifikisha kwenye dramu. Dereva hahisi kitu. Pedali ni ile ile, geji ya upepo inasoma vizuri, na kwenye tambarare lori linasimama. Fimbo inatoka milimita 52, mwezi ujao 55, na hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi.

Balaa linaanza mteremkoni, kwa sababu ya joto. Chukua semi, yaani kichwa na tela lake, ya ekseli sita. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 1, 2019, ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8, ekseli mbili za nyuma za kichwa tani 18, na ekseli tatu za tela tani 24. Jumla tani 50, halali kabisa. Lori hilo likishuka kimo cha mita 100 tu, joto linalozaliwa linatosha kuchemsha lita 145 hivi za maji ya bomba, na sehemu kubwa yake lazima imezwe na injini au na breki. Na Kitonga, ule mteremko mkali wa Iringa kwenye barabara ya Dar es Salaam, si mlima wa mita 100.

Dramu ya chuma yenye kipenyo cha milimita 410 ikipata moto ukapanda kwa nyuzi 300 za Selsiasi, inatanuka kwa milimita 1.3 hivi. Inaonekana ndogo. Lakini laining sasa inabidi ifuate dramu inayokimbia, na kwa jinsi slaki inavyozidisha mwendo, fimbo inalazimika kutoka kama milimita 10 zaidi. Sasa hesabu mwenyewe. Fimbo iliyokuwa ikitoka milimita 55 gari likiwa baridi, katikati ya mteremko inataka 65, na chemba inaishia 64. Dayafram imegonga ukuta. Dereva anakanyaga kwa miguu miwili, upepo umejaa tele kwenye tangi, na laining inagusa dramu bila kuibana. Ndiyo maana madereva wengi walionusurika wanasema "nilikanyaga breki ikawa haipo" wakati asubuhi hiyo hiyo ilikuwepo. Wanasema kweli.

Hiyo ni breki ambayo imeachwa tu bila kurekebishwa. Kuna zilizolemazwa kwa mkono wa mtu, na hizi zinaniuma zaidi. Dayafram ikitoboka njiani upepo unavuja, geji inashuka, na breki za springi, zile zinazobana zenyewe upepo ukipungua, zinataka kushika tairi. Badala ya kubadilisha dayafram, utingo anaingia uvunguni, anakunja bomba la upepo la chemba ile na kulikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Uvujaji unakoma, safari inaendelea, na tairi hilo halina breki tena. Wengine wanaifunga springi kwa boliti yake, ambayo imewekwa pale kwa ajili ya kuvuta gari bovu, na wanaiacha hivyo miezi. Semi yetu ina chemba 12. Zikifungwa tatu, robo ya breki imekwenda na tani 50 zimebaki pale pale, kwa hiyo tisa zilizobaki zinachemka mapema zaidi, na tumesharudi kwenye hesabu ya milimita 64. Mpira wa tyubu unaonekana kwa tochi ndani ya sekunde tano. Tatizo ni kwamba hakuna anayeinama.

Yapo na mengine: sili ya habu ikivuja, oili inalowesha laining, laining za aina mbili kwenye ekseli moja zinalivuta lori upande, tangi lisilomwagwa maji kila siku linaozesha valvu. Yote hayo fundi mzuri anayajua.

Ukaguzi wa mwaka na stika ya kwenye kioo haviwezi kuyakamata haya. Lori linalokwenda Dar es Salaam na Tunduma kila wiki linaweza kumaliza laining kabla stika haijafifia rangi. Lakini lori hilo hilo linasimama mizani kila safari. Serikali imeshajenga vituo, ina watumishi saa 24, ina mfumo wa kompyuta unaotunza namba ya gari na uzito wa kila ekseli. Anayetoka Tunduma na shaba anapita mizani ya Wenda, Iringa, kabla hajaanza kushuka Kitonga. Tunalisimamisha pale, tunathibitisha kwamba lina tani 50, kisha tunaliruhusu likashuke na tani hizo bila kujua lina breki ngapi. Ekseli ikizidi uzito tunatoza, kwa sababu barabara inaumia, na ni sawa. Binadamu walio chini ya mlima nao wanastahili kipimo chao.

Kipimo chenyewe ni hiki. Lori lisimame tambarare, injini izimwe, tairi ziwekewe kabari mbele na nyuma, kisha breki ya kuegesha iachiwe. Geji isome kati ya bar 6.2 na 6.9, ikizidi, dereva akanyage na kuachia mpaka ishuke. Mkaguzi achore chaki kwenye fimbo pale inapotokea kwenye chemba. Dereva akanyage mpaka mwisho na ashikilie. Mkaguzi apime kwa rula kutoka uso wa chemba hadi alama ya chaki, na aandike. Dereva akiwa bado ameshikilia, atazame geji kwa dakika moja: baada ya ule mshuko wa kwanza, sindano isipungue zaidi ya bar 0.3 hivi. Ikipungua zaidi, kuna mahali panavuja, na sikio litapapata. Watu wawili waliozoea wanamaliza chemba 12 kwa robo saa. Vifaa ni rula, chaki, tochi na kabari nne. Breki za diski hazipimwi hivi, zinataka mashine ya roli, lakini tela zetu nyingi bado ni za dramu.

Marekani na Kanada wakaguzi wa barabarani wanapima hivi hivi, na breki zenye kasoro zikifika asilimia 20 ya breki zote lori haliondoki. Kwa semi yetu ni breki tatu. Tuanze na kiwango hicho hicho. Bomba lililokunjwa lihesabiwe kuwa breki iliyokufa, bila mjadala.

Najua swali litakalokuja: foleni. Kweli, huwezi kupima kila lori. Lipimwe moja kati ya 20 kwa kuchaguliwa na kompyuta ile ile ya mizani, si kwa jicho la mtu. Malori ya mafuta na kemikali yapimwe yote kwenye vituo vilivyo kabla ya miteremko mikali. Matajiri wenye malori wakishajua kwamba rula ipo Wenda, lori litarekebishwa gereji kabla ya kuondoka, na hapo ndipo faida kubwa ilipo. Kuhusu rushwa, kila kipimo kipigwe picha, rula na namba ya gari zikionekana, na picha iingie kwenye mfumo pamoja na uzito. Namba iliyoandikwa peke yake hubadilishwa kirahisi. Picha ya rula inayosoma 58 ni ngumu kuibishia.

Kuna jambo la mamlaka pia, na hapa ndipo mawazo mazuri hukwama. Mizani iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara, na sheria yake ni ya uzito. Ubovu wa gari ni kazi ya trafiki chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973. Leseni ya usafirishaji iko LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Pasipo mkaguzi wa polisi mwenye kiti chake ndani ya kituo cha mizani, mtu wa mizani ataona mpira wa tyubu na hatakuwa na la kufanya. Wizara zinazohusika zikae, zitoe mwongozo mmoja, na LATRA ipokee matokeo ili mmiliki ambaye malori yake yanarudiarudia aulizwe wakati wa kuhuisha leseni. Mabasi yameshafungwa mfumo wa kufuatilia mwendo, na mamlaka inaona basi likizidi kilomita 80 kwa saa. Breki za malori nazo zinaweza kuonekana.

Tahadhari moja kwa wakaguzi na kwa mafundi wenzangu. Slaki ya mkono ikikutwa imelegea, irekebishwe pale pale: kaza mpaka laining ziguse dramu, rudisha robo hadi nusu mzunguko, pima tena. Lakini slaki ya kujirekebisha yenyewe ikikutwa imepita kikomo, usiikaze na kuiruhusu iondoke. Hiyo imeshakufa au bushi za shafti zimelika, na ukiikaza leo, baada ya safari chache itakuwa imerudi palepale huku dereva akiamini ametengenezewa. Ibadilishwe.

Madereva nao. Gia ya kushukia ichaguliwe kileleni, kabla ya kuanza kushuka, na breki ya injini iwashwe. Mwendo ukifika ule uliokusudia, kanyaga kwa nguvu sekunde tatu hivi mpaka upungue kilomita 8 kwa saa, achia, acha injini ishike. Kuning'iniza mguu kwenye pedali mlima mzima kunapika dramu. Kuweka nyutro ili kuokoa dizeli kunaziachia breki kazi yote peke yake, na tajiri anayempa dereva mafuta ya kubana ajue kwamba anamsukuma huko.

La mwisho ni fomu. Lori likishapata ajali, mkaguzi aandike fimbo ya kila chemba ilitoka milimita ngapi, unene wa laining uliobaki (chini ya milimita 6 hivi ni mbovu), bomba lipi lilikunjwa, na gia ilikuwa ipi. Pale chemba isipopimika kwa kuvunjika, aandike hivyo. Taarifa hizo zitolewe hadharani, namba za magari zikifichwa ikibidi. Ni fomu ya ukurasa mmoja yenye mistari 12, na mkaguzi anaweza kuanza kuijaza kesho.

Fundi wa breki za upepo,
Morogoro