Anayevuta dawa si aliyeinunua

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, lakini ile taarifa yenu kuhusu dawa za kupuliza majumbani siwezi kuinyamazia. Mmemshauri mama mwenye nyumba asome maelekezo na "atumie kwa uangalifu". Mama mwenye nyumba yuko kazini! Anayepuliza ni dada wa kazi, madirisha yamefungwa ili mbu wasitoroke, na hayo maelekezo mara nyingi ni ya Kiingereza, kwa herufi za kusomwa na mwenye miwani.

Binti wa kaka yangu alikuwa mhudumu wa usafi kwenye nyumba moja ya wageni hapa mjini. Jioni alipuliza dawa ya mbu chumba hadi chumba. Asubuhi alisugua vyoo kwa dawa ya choo, kisha akaambiwa amwagie na jiki juu yake ili pang'ae. Dawa nyingi za choo ni tindikali, na tindikali ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini. Nilimkuta amekaa ngazi za nyuma, macho mekundu, kifua kinapiga filimbi, na msimamizi anamwambia anywe maziwa arudi kazini. Maziwa yanaingia tumboni, yeye ameumia mapafu! Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walichapisha matokeo ya kufuatilia watu zaidi ya 6,000 kwa miaka ipatayo 20: wanawake wanaofanya usafi, wa nyumbani na wa kuajiriwa, nguvu ya mapafu yao ilipungua haraka kuliko ya wasiofanya. Hao ndio mliowasahau.

Halafu kuna wanaopima dawa ya kunguni sokoni kwenye chupa za maji ya kunywa, bila jina. Daktari akiuliza mgonjwa amevuta nini, tumjibu nini?

Naomba toleo la Jumamosi mchapishe tangazo la kukata na kubandika mlango wa stoo, kwa Kiswahili na herufi kubwa: jiki haichanganywi na dawa ya choo, dawa ya kusafishia iloweshwe kwenye kitambaa, kwani ikipulizwa matone yake huelea na kuvutwa kifuani, dawa ya mbu ipulizwe saa kumi alasiri, aliyepuliza atoke, na madirisha yafunguliwe kabla mtu hajaingia kulala. La kwanza nitalibandika mwenyewe kwenye ile nyumba ya wageni.

Msomaji wenu,
Morogoro