Tutume kadi, si jumla peke yake

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala ya mwandishi wenu anayetaka ufutwe utaratibu wa kuendesha mashindano ya taifa ya kulenga shabaha kwa kila mchezaji kupiga kwenye uwanja wa klabu yake na kutuma matokeo mtandaoni. Hoja yake kubwa ni kwamba aliye mbali haaminiki. Mimi ni kocha wa bunduki ya upepo, na nina mchezaji aliyeumizwa na utaratibu huo huo. Hata hivyo naomba usifutwe. Urekebishwe.

Msimu uliopita binti mmoja wa klabu yetu alipata alama 591 kati ya 600 katika mita 10. Kanuni ilitaka jambo moja tu: kocha ajaze jumla kwenye fomu ya mtandaoni kabla ya saa sita usiku wa Jumapili. Nikajaza. Jumatatu asubuhi jina lake lilikuwa juu ya wote, na jioni minong'ono ilikwisha anza. Klabu ndogo kama ile, alama zote hizo zimetoka wapi? Nani alikuwepo? Binti akanijia na boksi la kadi zake, yaani karatasi za shabaha alizozipiga, akauliza, "Kocha, niwatumie hizi?" Nikakosa la kumjibu, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeteuliwa kuzipokea.

Tunasema sana kwamba fomu ya namna hiyo humpa nafasi mdanganyifu. Ni kweli, lakini anayeumia kwanza ni mkweli. Amepiga vizuri kuliko wenzake wote na hana pa kuonyesha ushahidi wake.

Kushindana mkiwa mbalimbali hakukuanza na intaneti. Shindano la kombe la Dewar lilianza mwaka 1909, na timu za Uingereza na Marekani zilikuwa zikipiga kila moja kwao, kisha matokeo yakilinganishwa. Ligi za posta nazo ni za miaka mingi: klabu inaletewa kadi zenye namba, mchezaji anapiga mbele ya shahidi anayetia saini, kadi zinarudi kwa mhesabuji mmoja. Mtandao ulipokuja tuliona bahasha hazina kazi tena, tukaziacha. Pamoja nazo tukaacha kadi, shahidi na mhesabuji, na hapo ndipo tulipokosea.

Tazameni vipimo vyenyewe. Alama kumi kwenye shabaha ya bunduki ya upepo ni nukta yenye upana wa nusu milimita. Risasi ina milimita 4.5. Kutoka duara moja hadi jingine ni milimita 2.5, kwa hiyo tunapohesabu kwa desimali, mpaka 10.9, kila 0.1 ni robo ya milimita. Picha ya simu iliyopigwa kwa mshazari hugeuza duara kuwa yai, na robo ya milimita haionekani tena. Ndiyo maana naomba klabu zinazopiga kadi za karatasi zihesabiwe kwa namba kamili tu, na tundu lililogusa mstari lipimwe na mhesabuji mwenye kipimo cha kuchomeka tunduni, kadi yenyewe ikiwa mkononi mwake. Picha itoshe kutangaza matokeo ya muda usiku ule ule. Matokeo rasmi yasubiri kadi zifike.

Wenye shabaha za kielektroniki wana kazi nyepesi zaidi. Nyingi ya mashine hizo hutega vipaza sauti vidogo vinavyosikia risasi ikipita, kisha hukokotoa imepita wapi, na kila risasi huandikwa na wakati wake. Litumwe faili hilo zima, pamoja na karatasi ya nyuma yenye matundu. Nao wawe na orodha yao ya desimali, wasichanganywe na wa karatasi.

Kuna mwanya mkubwa kuliko yote hayo, na mwandishi wenu hakuugusa. Mtu hana haja ya kubadili namba hata moja. Anapiga risasi zake 60 Jumamosi, hazimpendezi. Anapiga nyingine 60 Jumapili asubuhi, nyingine jioni, anatuma zile bora. Kadi ni halali, matundu ni yake, saini ipo. Ila mwenzake alipiga mara moja tu, kwa uaminifu, na mkono ukatetemeka mwanzoni kama unavyotetemeka siku ya mashindano. Dawa ni kutangaza kabla: namba za kadi ziingizwe kwenye mfumo, shahidi akiona, kabla ya risasi ya kwanza ya alama. Ukishaanza umeanza. Usiporudisha, umepata sifuri. Najua ni kali. Bunduki huharibika, umeme hukatika katikati ya mfululizo. Basi shahidi aandike saa na sababu, na mwamuzi aamue.

Shahidi huyo atoke klabu nyingine. Pasipopatikana, kamera iwekwe nyuma ya mchezaji imwonyeshe yeye na shabaha yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Umbali wa uwanja, mwanga, na kimo cha shabaha, ambacho ni mita 1.40 kutoka sakafuni, vipimwe mara moja mwanzoni mwa msimu na kuandikwa. Bunduki isizidi kilo 5.5, na kifyatulio cha bastola ya upepo kibebe gramu 500 bila kufyatuka. Hayo yanamalizika kwa asubuhi moja.

Sitetei kila kitu. Mita 50 za uwanja wa wazi siwezi kuziombea, kwa sababu upepo wa kwetu si upepo wa kwenu. Na kupiga ukiwa umezungukwa na wenzako wa kila siku si sawa na kusikia jirani usiyemjua ametangazwa 10.8 wakati bado umeshika pumzi. Kwa hiyo mchujo ufanyike kwa mbali, kisha wanane bora wakutane ana kwa ana kwa fainali. Hapo minong'ono itapata jibu lake hadharani.

Lakini mchujo wa mbali msiuondoe. Kabla haujaanzishwa, klabu yetu ilikuwa na vijana kumi na mmoja na nauli ya wawili. Kila mwaka nilisimama mbele yao kuwataja hao wawili, na tisa wakarudi kwenye mazoezi ya shindano wasilolipiga. Msimu uliopita walipiga wote kumi na mmoja. Yule wa 591 asingekuwa miongoni mwa wawili wangu. Nilimwona bado mchanga.

Kadi zake zote 60 ninazo, zimepangwa kwa namba. Shirikisho likimteua mhesabuji, nijulishwe nizitume wapi.

Kocha wa vijana, bunduki ya upepo