Barua ya malalamiko: mashine ya kanda iliyong'olewa kabla ya wakati wake

Idara ya Kompyuta,
Chama cha Akiba na Mikopo,
Arua.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampala.

KUH: KUONDOLEWA VIBAYA KWA MASHINE YA KANDA KATIKA MFUMO WETU WA BAKAPU

Mheshimiwa Meneja,

Kabla hujasoma zaidi, tafadhali piga simu stoo yenu. Mashine ya kanda, yaani ile inayoandika na kusoma bakapu (nakala za akiba za data) kwenye kanda za sumaku, ambayo fundi wenu aliibeba kutoka ofisini kwetu Ijumaa iliyopita, ina kanda moja iliyobaki ndani. Mtu yeyote asiijaribu mashine wala kuifuta kanda hiyo. Kanda hiyo haijafungwa dhidi ya kuandikwa, na jaribio moja tu la kuandika linaweza kupoteza kumbukumbu za wanachama wetu moja kwa moja.

Sasa nieleze yaliyotokea. Tuliwalipa kuiondoa mashine hiyo, ambayo ni ya kizazi cha LTO-5 (LTO ni aina ya kanda za data, na namba ni kizazi chake), kwa kuwa tumenunua seva mpya inayohifadhi bakapu kwenye diski. Kuiondoa kulikuwa uamuzi wetu na hatuujutii. Tunacholalamikia ni namna ilivyoondolewa.

Kazi hii ina mpangilio wake. Kwanza ratiba za usiku huelekezwa kwenye seva mpya. Kisha hutafutwa nakala ambazo muda wake wa kutunzwa haujaisha, zinakiliwe kwenye diski au kumbukumbu zake zihamishiwe kwa seva inayobaki. Kanda zikishatolewa na kuhesabiwa kwa barkodi, ndipo mashine huondolewa kwenye mfumo, halafu kebo. Jina la seva ya zamani, iliyokuwa ikitumia mashine hiyo, hufutwa mwisho kabisa.

Fundi wenu alianza na kebo. Alipotaka kufuta jina, mfumo ulimkatalia kwa sababu kulikuwa bado na nakala hai, yaani ambazo muda wake haujaisha, chini yake. Onyo hilo limo kwenye kumbukumbu za mfumo, nimelichapisha na kuliambatanisha hapa. Badala ya kusimama na kuniuliza, nami nilikuwa chumba cha pili, alizitangaza nakala zote kuwa zimekwisha muda, kisha akafuta. Leo mfumo wetu hauijui hata kanda moja kati ya 46. Data ingali imeandikwa kwenye kanda zenyewe, lakini orodha inayosema kipi kiko wapi imefutika.

Ratiba nazo hazikuguswa. Kwa usiku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, kazi za bakapu zilikuwa zikitafuta mashine isiyokuwepo na kufeli. Jumatatu asubuhi niligundua kwamba miamala ya wikendi nzima haina nakala yoyote. Namshukuru Mungu umeme haukutuletea balaa siku hizo.

Siku hiyohiyo ya Jumatatu alikuja mama mmoja, mjane wa mwanachama wetu, akihitaji taarifa ya akiba na mikopo ya marehemu mumewe kwa ajili ya shauri la mirathi. Miaka ya mwanzo ya akaunti ile iko kwenye programu yetu ya zamani ya hesabu, na data ya programu hiyo imebaki kwenye kanda peke yake. Nilimwambia mama arudi wiki ijayo. Alitoka kijijini kwa boda na basi, akarudi mikono mitupu, na mimi ndiye niliyemtazama akiondoka. Bwana Meneja, jambo hili limeniuma sana.

Nilipopiga simu, kitengo chenu cha msaada kiliniambia ninunue mashine mpya ya LTO-8. Ushauri huo si sahihi. LTO-8 husoma kanda za kizazi chake na za LTO-7 tu. Kanda za LTO-5 husomwa na mashine za LTO-5, LTO-6 na LTO-7. Tungetoa mamilioni ya shilingi kununua kitu kisichoweza kufungua hata kanda moja ya kwetu.

Dawa iliyobaki ni kuziingiza kanda upya kwenye mfumo: kwanza kusoma vichwa vyake, yaani maelezo ya utambulisho yaliyoandikwa kwenye kanda, ili zitambulike, kisha kupitia yaliyomo ili kila faili irudi kwenye orodha. Kanda iliyojaa, yenye terabaiti 1.5, huchukua karibu saa 3 kusomwa kwa kasi kamili ya mashine. Kwa kanda 46, hiyo ni karibu siku 6 mchana na usiku, umeme usipokatika hata mara moja. Sisi tuna watu wawili tu katika idara hii, na hatukuisababisha kazi hiyo.

Kwa hiyo tunataka mashine irudishwe Arua ndani ya siku 3, ikiwa na kanda yake ndani, pamoja na maandishi ya nani ameishika tangu Ijumaa. Kanda hiyo ina namba za vitambulisho na simu za wanachama, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inatudai tuwajibike kwa kila mkono unaoigusa. Mlete pia fundi mwingine, mwenye uzoefu wa kuingiza kanda upya, kwa gharama yenu, naye asiondoke mpaka turejeshe mbele yake faili tutakazozichagua wenyewe. Tunataka pia turudishiwe malipo ya kazi ya Ijumaa. Kumbukumbu za kodi peke yake tunatakiwa kuzitunza miaka 5, hivyo hatuwezi kukubali jibu la kwamba data ya zamani haina kazi.

Kanda 45 zilizobaki kwetu nimezifunga zote dhidi ya kuandikwa, na ziko kabatini chini ya ufunguo. Nasubiri simu yenu kuhusu hiyo moja.

Wako mwaminifu,

Msimamizi wa Mifumo ya Kompyuta
Nakala: Meneja Mkuu wa Chama, Mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi