Walioachwa nyuma nao wahesabiwe

Mhariri,

Jedwali lenu la timu za taifa za Afrika, lililozipanga kwa rekodi zao za Kombe la Mataifa ya Afrika kuanzia 1957 hadi fainali za 2023, limetugombanisha kijiweni kwetu hapa Tanga. Kijana mmoja alilisoma kwa sauti, akafika kwa Taifa Stars kule mkiani, akanigeukia: "Mzee, kumbe ile timu yenu ya 1980 mnayoisifia kila siku ina alama moja tu, sawa na ya 2019?" Nilinyamaza. Nikaondoka na gazeti kwapani kwenda kufanya hesabu zangu.

Mmetoa alama saba kwa bingwa, tano kwa mshindi wa pili, tatu kwa aliyeishia nusu fainali, mbili kwa robo fainali na moja kwa aliyetolewa kabla ya hapo. Ni mpango unaoeleweka upesi, sikatai. Lakini tazameni Ethiopia, mliyoipa alama tano za 1957. Mwaka ule kule Khartoum zilicheza timu tatu tu: wenyeji Sudan, Misri na Ethiopia. Afrika Kusini ilikuwa nje kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikutane na Ethiopia nusu fainali, Waethiopia wakajikuta fainali bila kugusa mpira. Huko Misri ikawachapa 4-0, mabao yote manne ya mtu mmoja, Ad-Diba. Mechi moja, kipigo kimoja, alama tano.

Uganda nayo mmeipa tatu za 1962. Addis Ababa zilikuwapo timu nne, kwa hiyo kufika tu ilikuwa nusu fainali. Waganda walifungwa 2-1 na Misri, wakafungwa 3-0 na Tunisia, wakarudi nyumbani. Mwaka 2019 waliifunga DR Congo 2-0, wakavuka makundi, wakatolewa na Senegal kwa bao moja katika hatua ya 16 bora. Alama moja! Waganda wenyewe wataona aibu kubebwa hivyo, kwani fahari yao inajulikana: ni 1978, walipoing'oa Nigeria 2-1 nusu fainali kabla ya kulala 2-0 mbele ya Ghana pale Accra.

Sasa nije kwetu. Fainali za Lagos 1980 zilikuwa na timu nane. Nigeria iliingia kama mwenyeji, Ghana kama bingwa mtetezi, zikabaki nafasi sita kwa bara zima. Sisi tuliokuwa tumezunguka redio ndio tunaojua Ndola, kule Zambia, ilikuwa nini, siku mchezaji wetu Peter Tino aliposawazisha dhidi ya wenyeji na safari ya Lagos ikathibitika. Huko Stars ilifungwa 3-1 na Nigeria, ikafungwa 2-1 na Misri, ikatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Mwaka 2019 nafasi zilikuwa 24, nasi tulipoteza mechi zote tatu. Siwabezi vijana wale. Waliifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam ndipo wakafuzu, nasi wazee tulikuwa tumesubiri miaka 39. Ila kuingia nane bora na kuingia ishirini na nne bora haviwezi kuwa kitu kimoja.

Kijana wetu, baada ya kuona hesabu zangu, alikuja na dawa yake: tuachane na hatua, tuhesabu mechi, ushindi alama tatu na sare moja, kama wengi wanavyofanya kwa Kombe la Dunia. Nikamuuliza, na matuta je, yaani mikwaju ya penalti baada ya sare? Kwa desturi ya hesabu hizo, mechi iliyoamuliwa kwa matuta ni sare. Ivory Coast ilitwaa kombe 1992 bila kuruhusu bao hata moja, lakini mechi ilizoshinda ndani ya uwanja ni mbili tu, dhidi ya Algeria na Zambia. Kwa Congo ilitoka sare, na Cameroon na Ghana ikazitoa kwa matuta, ile fainali ikiishia 11-10. Mwaka 2015 ikawa fainali ileile, Ghana tena, 0-0 tena, matuta 9-8. Makombe mawili yamekwenda Abidjan, na katika jedwali la kijana kila fainali inawapa mabingwa na walioshindwa alama moja moja. Waghana watalipenda sana hilo.

Pendekezo langu ni dogo. Kila timu ihesabiwe kwa idadi ya timu ilizoziacha nyuma katika mashindano husika, pamoja na zilizokwama kwenye mchujo. Waliojitoa wenyewe wasihesabiwe. Tukiuacha mchujo, Ethiopia ya 1957 iliiacha nyuma Sudan tu, nayo Ivory Coast ya 2023, iliyofungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta nyumbani kwake, ikamfukuza kocha katikati ya mashindano na bado ikabeba kombe, iliziacha timu 23. Kileleni hapatabadilika kitu. Misri itabaki pale pale hata mkiyafuta makombe yake ya 1957 na 1959, kwani nani mwingine amechukua mara tatu mfululizo, 2006, 2008 na 2010, tena kati ya timu 16? Patakapotikisika ni katikati na mkiani, na ndiko tuliko sisi.

Kama hesabu yote hiyo ni kazi nzito, basi ongezeni safu moja tu inayoonyesha kila mwaka zilishiriki timu ngapi. Mimi nimeshaiongeza kwa kalamu kwenye nakala iliyobandikwa ukutani kwa muuza kahawa wetu. Mkichapa upya nitaibandua.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga