Barua ya wazi kwa vijana wetu wanaosaidia kufundisha uhandisi Marekani

Wanangu,

Marahaba. Shikamoo zenu nimezipokea, pamoja na maneno yaliyofuata. Kwenye mkusanyiko wa juzi nilikaa pembeni nikiwasikiliza mkisimuliana habari za wanafunzi mnaowasimamia maabara. Ikasemwa kwamba Walatino, wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini, hawana bidii: hawaji saa za ofisini mnapokaa kuwasaidia, wanaondoka kabla kazi ya kundi haijaisha, na somo la hesabu za kalkulasi likiwapiga chini mara moja wanahama kozi. Mkacheka. Sikutaka kuwaharibia watu pilau, kwa hiyo nimeandika.

Wengi wenu mmekuja na digrii ya kwanza tayari, na ada analipa mfadhili. Sasa mtazameni mtoto wa El Paso, Texas. Chuo kikuu cha pale, kilichoanza 1914 kama shule ya madini, zaidi ya wanane kati ya kila wanafunzi kumi ni Walatino, wengi wa asili ya Meksiko. Wapo wanaolala Ciudad Juárez ng'ambo ya mpaka na kuvuka daraja asubuhi, na foleni ya ukaguzi haijali maabara inaanza saa ngapi. Wengine wakitoka darasani wanaingia zamu. Kubeba boksi mnakujua kwa simulizi za wajomba zenu waliotangulia huku. Hawa wanabeba huku wanasoma, na sehemu ya mshahara inasaidia kodi ya nyumba ya wazazi. Ukiweka saa za ofisini Jumanne saa tisa mchana kwa sababu wewe ndiyo inakufaa, usishangae ukikaa peke yako. Waulize wiki ya kwanza. Weka kipindi kimoja usiku kwa intaneti, na kingine papo hapo maabara baada ya kipindi, kabla hawajavaa mabegi.

La kalkulasi ni zito zaidi, maana hapo ndipo wengi wanapotelea. Kalkulasi inafungua fizikia, fizikia inafungua mekanika, na bila mekanika huendi kokote. Aliyetoka sekondari isiyofundisha kalkulasi anaanzia aljebra, kwa hiyo yuko nyuma mwaka mzima kabla hajagusa somo lolote la uhandisi, na mwaka wa chuo Marekani ni deni. Akianguka somo moja, mengine yote yanasubiri. Huyo akihama kozi mnasema kakata tamaa. Mimi nasema kapiga hesabu. Na mpangilio huu haukushuka kutoka mbinguni. Chuo kikuu cha Wright State, kule Ohio, tangu 2004 walimu wa uhandisi wenyewe wanafundisha hesabu za mwaka wa kwanza kwa kutumia matatizo ya uhandisi, ili mwanafunzi aendelee mbele bila kungoja amalize kalkulasi zote. Nyie hamwezi kubadili mtaala, lakini mnaweza kumweleza mtu mapema kwamba akirudia somo hili kipindi cha kiangazi hatapoteza mwaka. Wengi hawana kaka wala shangazi aliyepita chuo wa kuwaambia hilo.

Ninyi pia ndio mnasahihisha, kwa hiyo nawakumbusha Garfield, sekondari ya Walatino wengi kule East Los Angeles. Mwaka 1982 wanafunzi 18 wa mwalimu Jaime Escalante walifaulu mtihani wa taifa wa kalkulasi wa kiwango cha chuo. Watahini wakaona majibu yanafanana, wakawatilia shaka 14. Kumi na wawili wakakubali kurudia, na wote wakafaulu tena. Escalante mwenyewe alikuwa mwalimu Bolivia, na alipofika Marekani alianza kwa kudeki mgahawa. Ripoti nzuri ikitoka kwa mtu usiyemtarajia, jiulize ingekuwa ya mwingine ungeikagua mara mbili?

Kuna na maneno madogo yanayofukuza watu. Ellen Ochoa, binti wa ukoo wa Meksiko, akiwa mwanafunzi San Diego, alikwenda kumuuliza profesa mmoja wa uhandisi habari za kozi yake. Akajibiwa kwa ubaridi: kozi ni ngumu, na mwanamke aliwahi kupita mmoja tu. Akaenda fizikia, walikomkaribisha. Baadaye alisoma uhandisi wa umeme Stanford, akaruka angani 1993, akaja kuwa mkurugenzi wa kituo cha NASA cha Houston. Wale wa uhandisi walimkosa pale mlangoni.

Maabara angalieni mikono. Katika kundi la wanne, nani ameshika multimita, kile kipimo cha umeme, na nani ameshika kalamu? Mara nyingi nimeona mwenye lafudhi, hasa akiwa binti, anageuzwa karani wa kundi muhula mzima. Anamaliza akiwa na mwandiko mzuri na hajaunga waya hata mmoja. Andikeni zamu kwenye karatasi ya maelekezo, zibadilike kila wiki. Wakibishana kwa Kihispania waacheni, ripoti ndiyo ya Kiingereza. Ninyi nyote hesabu ngumu mnazibishania kwa Kiswahili, nimewasikia.

Mtaniambia siku hizi mambo haya yana sheria. Ni kweli, Texas tangu Januari 2024 ofisi za usawa na ujumuishi katika vyuo vya umma zimefungwa kwa sheria. Lakini ratiba ya saa za ofisini, zamu za maabara na kalamu nyekundu havikuwa kwenye ofisi hizo. Viko kwenu, na vinamfaa kila mwanafunzi.

Tena, msiwaweke wote kapu moja. Wa Puerto Rico ni raia tangu kuzaliwa. Mtoto wa daktari Miami si sawa na mtoto wa wachuma zabibu California. Kama chuoni kwenu kuna tawi la SHPE, chama cha wahandisi wa Kilatino kilichoanzishwa Los Angeles 1974, nendeni mkawasalimie, na wanafunzi wapya muwaelekeze huko.

Muhula unaanza Jumatatu. Ratiba zenu nitumieni kabla ya Ijumaa, nizipitie.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu, Texas