Nguvu ya kuazima

Sahibu yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Pale uliposema Marekani haimhitaji mtu, na kwamba hao inaowaita washirika ni wapambe wa kupiga makofi tu, nilitaka nikupigie simu papo hapo. Nikaona bora nikuandikie, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Chukua Uturuki, Machi 2003. Vita vya Iraq vilikuwa vinanukia. Mpango ulikuwa askari wa Marekani wapatao 62,000 wapite Uturuki, waingie Iraq kutokea kaskazini. Meli zilizobeba vifaru na magari ya divisheni nzima zilikwisha kufika karibu na pwani, zinasubiri bunge la Ankara liseme ndiyo. Tarehe 1 wabunge wakapiga kura: 264 wakakubali, 250 wakakataa, 19 wakajizuia. Hapo ungedhani mambo yamekwisha. Wapi! Sheria yao ilidai zaidi ya nusu ya waliohudhuria, yaani 267. Zikapungua kura tatu. Zile meli zikageuza, zikapita mfereji wa Suez, zikaizunguka Rasi ya Arabuni hadi Kuwait, na vita vikaanza kabla hazijashusha mzigo.

Kura tatu, ndugu yangu, dhidi ya jeshi lisilo na mfano duniani.

Mwaka 1986 nako, ndege za Marekani zilizoruka kutoka Uingereza kwenda kupiga Libya zilinyimwa anga ya Ufaransa. Ikabidi zizunguke juu ya bahari hadi mlango wa Gibraltar, zikijazwa mafuta hukohuko hewani. Fungua ramani uone mzunguko wenyewe.

Lakini anga na bandari angalau vinaonekana. Mimi hunivutia zaidi yale yanayofanyika kimyakimya. Miaka ya 1960 benki kuu ya nchi nyingine ilikuwa na haki ya kupeleka dola Washington ikapewa dhahabu, dola 35 kwa wakia. Ufaransa ya Rais de Gaulle ikabeba dhahabu yake bila haya. Ujerumani Magharibi, iliyokuwa na rundo la dola na pia askari wa Marekani wanaoilinda, ikajizuia. Mwaka 1967 gavana wa benki kuu yake, Karl Blessing, akaandika barua ya kuahidi kwamba hawatadai dhahabu. Karatasi tu ile, lakini kwa maoni yangu iliisitiri dola kuliko manowari yoyote, hadi Rais Nixon alipolifunga dirisha la dhahabu mwaka 1971, yaani alipoifuta ile haki ya kubadilisha dola kwa dhahabu.

Na juzijuzi, 2022, akiba ya Urusi ya takriban dola bilioni 300 ilipozuiwa, sehemu kubwa haikuwa New York. Ilikuwa Brussels, kwenye vitabu vya Euroclear, kampuni inayotunza hati za dhamana za wateja wake. Ubelgiji, nchi ndogo kiasi kile! Washington peke yake ingezuia kiasi kidogo tu.

Kuna mahali nakubaliana nawe, usidhani nimegeuka mpiga debe. Mshirika anapotoa, mara nyingi hatoi kilicho chake. Uingereza iliwapa Wamarekani kisiwa cha Diego Garcia, kimoja cha visiwa vya Chagos katika Bahari ya Hindi, ikapunguziwa dola milioni 14 katika gharama za makombora ya nyuklia ya Polaris iliyoyanunua kwao. Wenyeji wa Chagos, kati ya 1968 na 1973, wakahamishwa kwa nguvu hadi Mauritius na Ushelisheli. Mbwa wao waliuawa kwa moshi wa magari. Hakuna aliyewapigia kura, si tatu wala moja.

Kwa hiyo neno lako "wapambe" silikubali. Mpambe hana cha kunyima. Hawa wanacho, na wakati mwingine wananyima kweli. Sasa nijibu hili, na usinizungushe: nani kati yao unadhani atakuwa wa kwanza kusema hapana mara ya pili?

Wasalimie wote hapo kwako.

Mimi yuleyule mbishi wako