Mamba wako bado hana jino

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mgongo tu unanisumbua, na sababu yake ni wewe na huyu mamba wako.

Najua nimekawia. Nembo ya timu ingekuwa imeshakwisha, ila picha uliyonitumia, mwenzangu, si ya mamba tunayemjua. Ni aligeta. Mtazame mdomo: mpana, umeviringa mbele kama sepetu. Akiufumba, meno ya chini yanazama yote ndani, huyaoni. Mamba hasa mdomo wake umechongoka, na jino la nne la chini hubaki nje hata akifumba. Jino hilo nimelichora, nikalifuta, nikalichora tena, mpaka karatasi imetoboka. Na aligeta wenyewe wamebaki aina mbili tu duniani, wa Marekani na wa China. Sasa unamtaka nani?

Basi nikaanza kusoma, na hapo ndipo kazi ikalala. Uliniambia unataka alama ya ukali. Lakini huyu mama! Aligeta hutaga kwenye lundo la majani, majani yanaoza na kutoa joto, na joto ndilo linaloamua: kwenye nyuzi 30 hivi za Selsiasi hutoka majike, kwenye 33 madume. (Bi Mwajuma na mabinti zake sita asisikie haya, atamlaumu mumewe kwa kutofunika nyumba.) Vitoto vikikaribia kutoka hulia vikiwa bado ndani ya yai. Mama akisikia, hufukua, akavibeba kinywani hadi majini. Kwenye video nimeona vichwa vikichungulia katikati ya meno kama abiria dirishani. Na taya ni zile zile zinazovunja gamba la kasa!

Halafu sisi tukaja na machozi ya mamba. Kumbe machozi yenyewe yapo: aligeta wakila, wengine macho huwatoka machozi mpaka povu. Huzuni ndiyo haimo. Wamisri wa kale walimheshimu zaidi, mungu wao Sobeki alikuwa na kichwa cha mamba, na hekalu lake pale Kom Ombo lingalipo.

Ila nirudi kwenye jino. Nilitoe nje au nilifiche? Wasichana watakubali nikichora mama na vitoto kinywani, au watasema nimewafanya walezi? Fundi wa jezi anataka rangi ngapi? Na yule kocha, bado amenuna?

Wako,
Rukia